Kila Mtu Aitikie kwa Kinywa Chake

Usiitikie jina la mwenzako. Hata kama ni ndugu yako, hata kama unamwona pale pembeni anakunywa maji, mwache aitikie mwenyewe. Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya laini kubwa ya umeme mtafundishwa mengi na watu wenye shule kuliko mimi, na mengi ni ya kweli, yashikeni. Hili moja nalitanguliza kwa sababu sijui kama bado linafundishwa.

Mimi sikuzaliwa mtu wa umeme. Shule niliiacha kabla ya kuota ndevu. Madirisha ya darasa letu yalitazama ziwa Tanganyika, na mwalimu alipokuwa akieleza mambo ya ubaoni, mimi nilikuwa najiuliza wale wa ng'ambo wanakula nini asubuhi. Nilikwenda kuona. Wanakula muhogo, kama sisi. Nimevua ndagala, dagaa wa kwetu, Magara, nimebeba magunia bandarini Rumonge, nimekaa Uvira, nimekaa Kigoma, nimezungusha kinu cha mawese mpaka mabega yakawa kama ya ng'ombe. Mama alikuwa akiwaambia jirani zake kwamba kitovu changu hakikuzikwa nyuma ya nyumba kama cha watoto wengine, kilifungwa kwenye gurudumu la lori.

Na kweli ni lori lililonipata. Lilikuwa la mafundi wa laini, limekwama kwenye tope karibu na Kabezi, na mimi nilikuwa napita tu. Tulilisukuma. Tulipokuwa tunapumzika nikamuuliza mkubwa wao swali lililokuwa likinisumbua tangu utoto: kwa nini ndege anatua kwenye waya na hafi? Alinitazama sana. Aliitwa Barinabe, mtu wa Fizi aliyehamia upande wetu wa ziwa na kanisa lake na familia yake, na wote tulimwita Kapita, maana ndiye aliyeongoza kikosi.

"Mutu anayeuliza hivyo," akasema, "atakuwa fundi, ao atakufa vibaya. Panda gari."

Siku yangu ya kwanza nguzoni nilivaa viatu vile vile vya kinuni. Vilikuwa vimelowa mafuta tangu siku vilipozaliwa. Nilipanda vizuri mpaka kiunoni mwa nguzo, halafu nikaanza kushuka bila kukusudia, nimekumbatia chuma, uso umegeukia ziwa, polepole kama mtu anayeshushwa na mashine. Mkanda ulinishika. Nilipofika chini kikosi kizima kilikuwa kimekaa chini kwa kucheka. Toka siku ile jina langu likawa Mawese, na wako watu Rumonge ambao hawajui kwamba wazazi wangu walinipa jingine.

Barinabe hakucheka. Alinipeleka kando akanivua viatu, akavikagua, akanirudishia. Akaniambia niwapelekee wanangu wakavichezee, na nilipomwambia sina wana akasema basi nivichome moto.

Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba laini iliyozimwa si laini iliyokufa. Watu wa posti, kule ambako swichi kubwa zinakaa, wanaweza kukwambia kwenye redio kwamba wamekata. Waamini, ni watu wazuri. Lakini wewe panda na kipimo chako upime, kisha funga waya kutoka kwenye laini mpaka ardhini, ili umeme ukirudi kwa bahati mbaya upite chini, usipite kifuani mwako. Waya huo wa ardhi ndio wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa. Wakati wa kuufungua ndipo ilipokuja desturi yetu.

Kazi ikiisha, Barinabe alisimama karibu na lori na kutuita majina, bila karatasi. Alianza na mtu aliyefanya kazi upande wa juu, wa Bujumbura, akateremka mpaka wa mwisho upande wa kusini, jinsi umeme wenyewe unavyoteremka. "Umetoka?" Na wewe unajibu, "Nimetoka." Basi. Lakini kama mwingine alijibu kwa niaba yako, kwa mfano akasema "Iko hapa, Kapita, anavaa viatu," Barinabe alikatiza orodha. Halafu alianza upya kutoka jina la kwanza. Tungeweza kuwa na njaa, mvua ikinyesha, redio ikilalamika. Alianza upya.

Nilikuwa mtu wa maswali, nikamuuliza sababu. Aliniambia mara moja tu. Zamani, kwenye laini nyingine, si hii, kulikuwa na ndugu wawili kazini. Jina la mdogo lilipoitwa, mkubwa aliona koti lake limening'inia kwenye lori, akamwitikia, kumbe mdogo bado yuko juu ya nguzo. "Alimwitikia kwa mapendo," Barinabe akasema, kisha akaanza kukunja kamba. Sikumuuliza tena.

Sasa niwaambie habari ya michikichi, maana bila hiyo hamtaelewa lililotokea.

Laini yetu inafuata pwani, na pwani ya Rumonge ni michikichi. Sheria inataka ukanda wa laini uwe wazi, mti usiwe chini ya waya wala karibu nao. Watu wanaogopa mti unaopinda na upepo, lakini mchikichi ni hatari kwa namna nyingine. Tawi lake jipya linatoka wima, limenyooka kama kidole, na linauelekea waya moja kwa moja. Ukipita leo liko mbali, mvua zikinyesha ukirudi limefika. Kwa hiyo ulio chini ya waya tuliukata wote, ulio kando tuliupunguza matawi, na kila mwaka tulikuwa na ugomvi na wenye mashamba.

Mgomvi mkubwa alikuwa Mzee Rajabu, fundi cherehani wa Rumonge aliyerithi shamba la michikichi pembezoni mwa ukanda. Mara ya kwanza tulipokata mti wake, tuliuangusha na mkungu wake juu, umeiva, mwekundu. Hatukujua. Tulikula chakula chetu ndani ya lori, na yeye akaja na mkungu ule mabegani, mzito, wa miiba, akauweka kwenye mapaja ya Barinabe.

"Kula," akamwambia. "Si umevuna?"

Barinabe aliuinua, akamrudishia kwa mikono miwili, akaomba radhi. Tangu hapo tukawa na kanuni yetu wenyewe, ambayo haimo kwenye sheria: unapita siku moja kabla, unamwambia mwenye shamba, anavuna, ndipo unakata. Ishikeni hiyo nayo. Haikumfanya Rajabu atupende. Kila mwaka alisimama na tepu yake ya kupimia shingoni, akatazama, na nilipopita akasema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mawese amekuja kuua mama zake."

Barinabe alipochoka alivuka akarudi kwao Fizi, na ukapita wakati nikawa kapita mimi. Mambo yalikuwa yamebadilika. Vipimo vilikuwa vipya, mikanda ilikuwa imara, na redio zilisikika bila kukoroma. Tukaletewa mkubwa wa sehemu, enjeniya Claudine, binti wa Bujumbura, mpole, mwenye buti kubwa kuliko mwili wake. Wengine walinong'ona kwamba ni mtoto. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa nimekusanya maswali ya miaka yote na sasa nilikuwa na mtu wa kumuuliza. Alijibu yote. Lile la ndege alilijibu vizuri kuliko Barinabe, ambaye alikuwa anasema tu kwamba ndege hana deni na ardhi.

Halafu ziwa likapanda.

Mnaijua habari, wengine nyumba zenu zilikwenda. Tanganyika haikuja na hasira kama mto. Ilikuja kama mgeni anayesogeza mkeka kidogo kidogo. Leo ufuo, kesho uwanja, kesho kutwa kitanda. Kusini kidogo ya mji wa Rumonge, maji yaliingia kwenye msingi wa nguzo moja ya chuma, udongo ukalainika, nguzo ikaanza kuinama. Waya ulishuka. Posti wakakata laini, na sehemu kubwa ya mji ikakaa bila umeme. Hospitali ikawa inategemea jenereta ambayo kila mtu alijua umri wake kwa kusikia kikohozi chake.

Tulipofika kwenye nguzo ile tulikuta watu. Familia za wavuvi na wanawake wanaokausha ndagala, waliofukuzwa na maji, walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai chini ya laini. Nilisimama nikaelewa mara moja. Nyuma yao maji, mbele yao mashamba ya watu yenye miti iliyobanana. Mahali pekee palipo wazi, pakavu, pasipo na mti, ni pale tulipopasafisha sisi wenyewe kila mwaka. Tulikuwa tumewaandalia kiwanja bila kujua.

Tungeweza kuitegemeza nguzo kwa muda, lakini waya ungebaki chini kuliko kawaida, na watu wasingeweza kukaa pale umeme ukirudi. Claudine alilijua hilo. Alijua pia kwamba akipiga simu moja, wangekuja watu wa kuvunja vibanda. Alisimama nami kando ya maji, simu mkononi.

"Sheria inasema ukanda uwe wazi," akasema. "Haisemi watu waende wapi."

"Nipe mpaka kesho mchana," nikamwambia. "Nguzo itachukua mpaka wakati huo hata hivyo."

Akairudisha simu mfukoni. Kisha akaniuliza mimi, maana na yeye alikuwa mtu wa maswali, shamba lile la karibu ni la nani. Nilimwambia. Akasema, "Aa." Sifa za Rajabu zilikuwa zimemfikia.

Nilimkuta Mzee Rajabu kwenye cherehani yake. Nilisalimia kwa adabu zote ninazozijua, za msikitini na za mtaani. Nikamweleza: watu wanahitaji mahali pa kukaa mpaka maji yashuke, shamba lake liko hatua chache kutoka pale, chini ya michikichi kuna nafasi kama vibanda vikipangwa vizuri. Aliendelea kushona mpaka akamaliza upindo. Akakata uzi kwa meno.

"Mawese. Umekata michikichi yangu miaka yote. Leo unakuja kuniomba kivuli chake?"

"Ndiyo, Mzee."

"Huoni haya?"

"Naona sana. Lakini wale wana watoto."

Aliniuliza ni akina nani. Nilipomtajia majina machache niliyoyasikia pale, kwenye jina la Zaituni akainua kichwa. Zaituni ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa ndagala, na mumewe Saidi alikuwa mvuvi. Rajabu alikuwa amewashonea nguo za harusi. Akavaa kofia yake na kufunga duka, na njia nzima hadi shambani hakuacha kunitukana kwa heshima.

Kesho yake asubuhi watu walihama. Wanaume wetu walipokuwa kwenye nguzo na vyuma vya kutegemeza, wavuvi walibeba maturubai, na Rajabu mwenyewe akawa anapima kwa tepu yake ya cherehani umbali kati ya kibanda na kibanda, akigombeza mtu aliyegusa mkungu. Mpaka mchana vibanda vyote vilikuwa upande wa shamba.

Kulibaki kitu kimoja. Wanawake wa ndagala siku hizi hawakaushi kwenye mchanga. Wana meza ndefu za wavu wa chuma, wanaziita vichanja, zilizoinuliwa, samaki wanakauka haraka na hawali mchanga. Meza hizo zilikuwa zimepangwa kwa urefu chini ya waya. Mimi nilidhani hazina neno, maana hazigusi laini. Claudine akanionyesha kwa kijiti ardhini. Akaniambia umeme mkubwa hauhitaji kugusa. Chuma kirefu kinacholala sambamba na laini kinaweza kupata umeme wake chenyewe, na mwanamke atakapokuja kugeuza samaki ataupokea mikononi. Na kwa vile waya ulikuwa umeshuka, mambo yangekuwa mabaya zaidi. Vijana, miaka yote ile nilikuwa sijui. Tukawaambia wanawake waondoe nyavu zote. Wakakunja.

Nguzo ikasimama. Tulishuka. Redio ikaanza: posti wanangoja, hospitali imepiga simu, wenye samaki kwenye barafu wamepiga simu. Nikasimama karibu na lori nikawaita vijana wangu, kutoka juu kwenda chini. Nimetoka, nimetoka, nimetoka. Waya wa ardhi ulikuwa bado umefungwa. Nikamtazama Claudine.

"Hawa nao walikuwa chini ya laini," nikamwambia.

Akaelewa. "Waite," akasema.

Nikawaita wale wa vibandani, kwa majina niliyoyajifunza kwa kubeba nao vitu. Mwanzoni walicheka, wakadhani ni mchezo. Wanaume wakaitika. Nikafika kwa Saidi, ambaye kibanda chake kilikuwa cha mwisho, karibu na maji.

"Saidi, umetoka?"

"Mimi na watu wangu bote tumetoka, Kapita."

Kwa wavuvi wa kwetu hilo ni jibu zuri. Baba wa nyumba akisema, nyumba imesema. Ni adabu, na mtu mwingine angepita. Redio iliita tena jina langu, sauti ya kijana wa posti, yenye heshima lakini imekaza: "Kapita, tunangoja nini?"

"Tunangoja mtu," nikajibu. Nikamgeukia Saidi. "Nataka kumsikia Zaituni."

"Iko kule na batoto. Mimi mwenyewe nimemupeleka."

"Aniambie yeye."

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja aliyekuja kutoka mjini kungoja umeme akasema huyu mzee Mawese anataka kuzungumza na wake za watu. Watu wakacheka, na Saidi akakasirika kidogo, na mimi ningekasirika nikiwa yeye. Akaita kwa sauti kuelekea shambani. Watoto wakatoka kwenye michikichi. Dada yake Saidi akatoka. Zaituni hakutoka.

Akaita tena. Sauti yake ya pili haikuwa kama ya kwanza. Mtoto wake mkubwa akasema mama alirudi kuchukua kichanja.

Saidi alikimbia. Nilimwona anapita katikati ya ukanda, chini ya waya ulioshuka, anakwenda upande wa maji, na mimi nikaiweka redio mdomoni nikamwambia kijana wa posti maneno matatu ambayo nawaomba myakariri: bado, bado, bado. Nikamfanya ayarudie. Mkono wangu mwingine ulikuwa kwenye waya wa ardhi, ingawa haukuhitaji kushikwa. Claudine alisimama karibu nami. Hakuna aliyenung'unika tena. Yule wa mjini alikuwa amevua kofia.

Tulimngoja kwa muda ambao sikuupima. Kisha tukawaona wanatoka nyuma ya ukuta wa nyumba iliyomezwa na maji, wote wawili wamelowa mpaka kiunoni. Saidi amebeba nguzo za mti, na Zaituni amebeba kichwani robota la wavu wa chuma kubwa kuliko yeye. Kilikuwa kichanja cha chama cha wanawake, cha mwisho, kilichokuwa kimesimama majini ambako hakuna aliyekumbuka kutazama. Alikuwa akikifungua kwa mikono mitupu, na mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta, hakusikia lolote. Kilikuwa chini ya waya kabisa.

"Nani anapiga kelele za jina langu," akauliza alipofika, "kama vile nimezama?"

Saidi alizilaza nguzo zake chini. Akaniambia mimi, si mkewe, "Kapita, mimi niliitika."

"Uliitika vizuri," nikamwambia. "Sasa tunaanza upya."

Wakaguna, ndiyo. Redio pia iliguna. Nikaanza na kijana wangu wa juu kabisa, nikateremka. Safari hii niliita na wanawake, mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka. Nilipopita upande wa shamba, Mzee Rajabu akainua mkono wenye tepu.

"Na mimi?"

"Mzee, wewe hukuingia chini ya laini."

"Michikichi yangu imeingia miaka yote. Niite."

"Mzee Rajabu, umetoka?"

"Nimetoka," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu, ingawa aligeuka haraka kumgombeza mtoto.

Nikafika mwisho, karibu na maji. Saidi aliitika kwa ajili yake mwenyewe tu, kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia mkewe, akangoja, kama sisi wote.

"Zaituni," nikasema. "Umetoka?"

Aliushusha ule wavu kutoka kichwani, akaulaza kwenye majani upande wa shamba, akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nimetoka," akasema.

Ndipo nikamwambia kijana wangu afungue waya wa ardhi.